Ukungu wa kioo cha mbele: chunguza kabla ya kusugua

SEHEMU YA PILI

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kioo cha mbele cha gari kinavyoundwa: vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, ufundi ambao Mfaransa Édouard Bénédictus aliusajili mwaka 1909. Leo tunaingia kwenye swali linalowasumbua madereva wa Usoke, Urambo na Kaliua kila kiangazi: kioo kimejaa mikwaruzo na ukungu, nifanye nini?

Kwetu jambo hili ni zito. Njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na barabara tunayopita leo, zote zimelala mashariki kwa magharibi. Anayetoka Usoke asubuhi kwenda Tabora analipokea jua usoni. Akirudi jioni, jua liko mbele yake tena. Ikifika Septemba, vumbi limekolea na mvua bado, na jua huchomoza mashariki hasa, sambamba na barabara. Kila mkwaruzo hutawanya mwanga huo, na dereva habaki na kitu mbele yake ila weupe. Ndani ya weupe huo yumo mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa, na wamo watoto wanaokwenda shule.

Mikwaruzo inatoka wapi? Udongo wetu una mchanga mwingi uliomeguka kutoka miamba ya granaiti, na ndani yake zimo chembe za kwatsi. Katika kipimo cha ugumu alichobuni Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatsi ina daraja la 7, ilhali kioo kiko kati ya 5 na 6. Kwa hiyo mchanga hukata kioo. Lori likisimama Usoke, utingo huruka chini, huchukua kitambaa kikavu kilichoshinda juu ya dashibodi, akafuta vumbi kwa nguvu zake zote. Kioo huonekana kimetakata, kumbe kila alipopitisha mkono ameburuta mchanga. Dereva anayewasha waipa juu ya kioo kikavu anafanya kosa hilohilo, tena mahali palepale kila siku, mpaka alama ya upinde inabaki daima.

Lakini si kila ukungu ni mikwaruzo. Anza kwa kuosha kioo nje na ndani, kwa maji mengi na sabuni. Jua kali hutoa mvuke kwenye plastiki za dashibodi, na mvuke huo hujenga utando wa mafuta upande wa ndani. Kitambaa safi chenye spiriti kidogo huuondoa. Ukiona weupe unaoanzia pembezoni, usiotoka kwa kufutwa ndani wala nje, ujue vioo vimeanza kuachana na plastiki ya katikati. Huo hauna dawa isipokuwa kubadilisha kioo.

Baada ya kuosha, kimwagie maji upande wa nje. Ukungu ukipotea kioo kikiwa kimelowa na kurudi kikikauka, hiyo ni mikwaruzo ya juujuu. Maji yamejaza mifereji yake, na kwa kuwa hupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia cha kioo, mwanga hupita bila kutawanyika sana. Kisha pitisha ukucha. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, na hapo usisugue: ili kuufuta itabidi upunguze kioo kote kuuzunguka, na kibonde kitakachobaki kitaipinda barabara machoni pa dereva. Mkwaruzo huo ukiwa mbele ya dereva, badilisha kioo.

Mikwaruzo isiyonasa ukucha inatibika. Wengi hukimbilia dawa ya meno, ambayo haifiki mbali, au msasa na waya wa kusugulia sufuria, ambavyo huongeza maradhi. Mafundi wa vioo hutumia unga laini wa oksaidi ya seriamu. Seriamu iligunduliwa mwaka 1803, na hata ardhi yetu inayo, katika mashapo ya Ngualla mkoani Songwe. Unga huu haukwangui tu. Ukiwa na maji hushikana kikemia na tabaka la juu la kioo na kuliondoa kidogo kidogo. Ndiyo maana maji hapa ni sehemu ya dawa.

Weka gari kivulini, kioo kipoe. Funika rangi na mipira kwa nailoni. Vaa barakoa, changanya unga na maji hadi uwe mzito kama uji mwepesi. Paka kwenye kitambaa kinene cha sufu kilichofungwa kwenye mashine ya kung'arishia, mwendo wa polepole, ukishughulikia eneo dogo kwa wakati mmoja bila kutua sehemu moja. Nyunyizia maji mara kwa mara. Gusa kioo kwa mgongo wa kiganja: kikiwa cha moto, acha kabisa, maana joto la mahali pamoja hupasua. Kazi hii huchukua saa kadhaa. Vishimo vilivyotokana na kokoto havitaondoka, ila ukungu utapungua kwa kiasi utakachokiona mara tu utakapolielekea jua.

Kazi yote hiyo itapotea wiki moja tu baadaye ikiwa kitambaa kikavu kitarudi. Nunua mipira mipya ya waipa, jaza maji kwenye tangi lake, na mpe utingo dumu la maji na agizo moja: maji kwanza, kitambaa baadaye. Wenye magari, gharama hii ni yenu. Msimwachie dereva, kwa maana yeye ndiye anayeendesha akiwa amefumbwa macho, na anayegongwa hana hisa katika biashara yenu.

Itaendelea wiki ijayo: kokoto, ufa na gundi ya kioo.