Fukusi Wale Nje, Sisi Tubaki na Kiini cha Mathenge

Taja mathenge hapa Isiolo uone wafugaji wakikunja uso. Mti huu ulioletwa Kenya miaka ya 1970 umemeza malisho, na miiba yake inatoboa hadi tairi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali, wakapeleka mbuzi kibogoyo kortini kama ushahidi.

Sisi vijana tunaukata, tunachoma makaa, basi. Doo ya haraka. Lakini gogo hilo hilo ni stuli, kibao cha kukatia nyama, mpini wa jembe, bora uwahi kabla ya fukusi. Hao wanapenda sehemu nyeupe ya nje. Ukiona vitundu na unga unamwagika, wameshaingia. Kiini chekundu ni kigumu, kinawashinda, na kikikauka hakipindipindi. Kule Texas, Marekani, mti wa ukoo huo unatengenezewa sakafu na fanicha.

Kwa hivyo ukikata, bambua gome mapema, pasua, kausha kivulini hewa ikipita. Magogo ni membamba na yamepinda, so sahau milango. Anza na vitu vidogo. Kisiki nacho ng'oa, la sivyo kitachipuka upya.

Mti tunao tele. Kilichobaki ni msumeno na mteja.