Mbegu Isisafiri Bila Mapishi Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa habari za mapishi ni mazungumzo ya jikoni tu, wala si jambo la kuandikwa katika gazeti lisomwalo na wakuu, walimu na wazee wa vijiji. Lakini ziko habari za hakika zionyeshazo ya kuwa watu maelfu wameugua, na wengi wamekufa, hali nafaka imo nyumbani mwao. Walikuwa na mbegu, wakakosa maarifa ya chungu. Basi leo twataka kueleza habari hizo, kisha tutatoa mapishi matatu mepesi ya nchi mbalimbali, ambayo mtu yeyote aweza kuyapika kwa moto wa mafiga.

Mahindi asili yake ni nchi ya Mexico, na watu wa huko wameyalima kwa maelfu ya miaka. Desturi yao tangu kale ni kuyachemsha mahindi makavu katika maji yaliyotiwa chokaa, na pengine majivu, kisha kuyaacha usiku kucha. Asubuhi huyaosha mpaka maganda yatoke, huyasaga yangali na maji, na kufanya mikate myembamba ya mviringo iitwayo tortilla. Mikate hiyo huliwa pamoja na maharage.

Baada ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492, mahindi yalivuka bahari yakafika Ulaya, kisha Afrika. Wakulima waliyapenda, kwa kuwa huzaa sana na hukomaa upesi. Walakini desturi ya chokaa haikuvuka pamoja nayo. Mbegu ilisafiri, mapishi yakabaki.

Mwaka 1735 daktari mmoja wa Hispania, jina lake Gaspar Casal, aliona katika jimbo la Asturias ugonjwa usiojulikana miongoni mwa maskini waliokula mahindi zaidi ya kitu chochote. Ngozi yao iliwiva na kupasuka mahali pote palipopigwa na jua, yaani shingoni, mikononi na miguuni. Baadaye Waitalia waliuita pellagra, na jina hilo ndilo lijulikanalo leo. Mgonjwa huharibika ngozi, huendesha, akili humchafuka, na asipotibiwa hufa.

Mwanzo wa karne ya 20 ugonjwa huo ulienea sana katika majimbo ya kusini ya Marekani. Wengi walidhani ni wa kuambukizana. Mwaka 1914 serikali ya huko ilimtuma Daktari Joseph Goldberger kuuchunguza. Yeye akaona jambo moja: katika nyumba za mayatima na hospitali za wenye wazimu, wakaao humo waliugua, bali wauguzi waliowatunza hawakuugua. Kama ungekuwa ugonjwa wa kuambukizana, mbona uliwachagua hawa na kuwaacha wale? Akawaongezea mayatima maziwa, mayai, nyama na maharage, nao ugonjwa ukatoweka. Mwaka 1915, katika jimbo la Mississippi, wafungwa 11 waliokubali kwa ahadi ya kufunguliwa walilishwa unga wa mahindi, mkate mweupe, wali na viazi vitamu, bila ya maziwa wala mayai. Baada ya miezi michache 6 kati yao wakaonyesha dalili za pellagra.

Sababu yake ilijulikana wazi mwaka 1937, Bwana Conrad Elvehjem alipoonyesha ya kuwa dawa ni niasini, mojawapo ya vitamini za jamii ya B. Niasini imo ndani ya mahindi, lakini imefungwa humo kama mali katika sanduku la kufuli, wala tumbo haliwezi kuitoa. Chokaa ya watu wa Mexico ndiyo ufunguo wa sanduku hilo. Tena maharage yao yaliongeza protini ambayo mwili waweza kuigeuza sehemu yake kuwa niasini. Mabibi wa Mexico hawakujua majina hayo ya kitaalamu, bali walijua kupika.

Mtu asiseme ya kuwa habari hizi ni za mbali au za zamani sana. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata posho ya mahindi, na pamoja nayo karanga. Karanga zilipokoma kufika, pellagra ikazuka, na katika mwaka huo walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 17,000. Mahindi yalikuwapo. Kilichokosekana ni mwenzi wake.

Basi hapo ndipo penye fundisho. Waswahili husema, kidole kimoja hakivunji chawa. Nafaka peke yake, iwe mahindi, mchele au mtama, haitoshi kuujenga mwili. Mfano wake ni mtu ajengaye nyumba mwenye fito tele na kamba chache: kamba zikiisha, ujenzi husimama, ijapokuwa fito zimejaa uani. Protini za chakula zina sehemu ndogondogo ziitwazo asidi amino. Nafaka ina upungufu wa mojawapo, iitwayo laisini. Vyakula vya jamii ya kunde vina laisini nyingi, lakini vina upungufu wa nyingine, iitwayo methionini, ambayo nafaka inayo. Vikiliwa siku moja, kila kimoja humtimizia mwenziwe.

Ajabu ni kwamba watu wa nchi nyingi waliligundua jambo hili bila ya kufundishwa na daktari. Wenyeji wa Tanzania wana makande, Wakikuyu wana githeri, na watu wa pwani wana mseto. Na haya yafuatayo ni mapishi matatu ya jamii hiyo. Vipimo ni vya kulisha watu wanne au watano. Kikombe ni kikombe cha kawaida cha chai, mradi kiwe kilekile toka mwanzo hata mwisho.

Pishi la kwanza: kichri ya Bara Hindi. Chakula hiki ni cha zamani sana. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika India katika karne ya 14, aliandika ya kuwa watu wa huko walipika choroko pamoja na mchele, wakala kwa samli asubuhi. Ndiyo ndugu ya mseto wa pwani yetu, ila mseto mara nyingi hutiwa tui la nazi.

Twaa mchele kikombe 1, choroko nusu kikombe (Kenya wengi huziita ndengu), maji vikombe 5, kitunguu 1, kipande cha tangawizi, manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, samli au mafuta kijiko 1 kikubwa, na chumvi. Chagua choroko, uzioshe, uziloweke saa mbili, kisha mwaga maji hayo. Zichemshe katika vikombe 5 vya maji safi pamoja na manjano, kama nusu saa, mpaka zianze kupasuka. Tia mchele uliooshwa na chumvi, funika, punguza moto, uache dakika 20 au zaidi, ukikoroga mara kwa mara usishike chini. Maji yakipungua mno ongeza ya moto. Kichri njema ni laini kama uji mzito. Mwisho kaanga kitunguu, tangawizi na bizari katika samli mpaka kitunguu kiwe chekundu, ukimimine juu. Chakula hiki chafaa sana kwa wazee, wagonjwa na watoto walioanza kula. Cha mtoto kisetwe vizuri, wala kisitiwe chumvi nyingi.

Pishi la pili: wali wa kunde wa Ghana, uitwao waakye. Kunde ni mmea wa Afrika yenyewe. Watu wa Afrika ya Magharibi waliochukuliwa utumwani waliyachukua maarifa yake mpaka Marekani, na hata leo katika jimbo la South Carolina wali na kunde huliwa siku ya mwaka mpya, kwa kutakiana heri. Hao walinyang'anywa kila kitu, lakini pishi lao halikupotea, kwa sababu lilikaa kichwani na likafundishwa watoto.

Twaa kunde kavu kikombe 1, mchele vikombe 2 na chumvi. Loweka kunde usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, tia maji mapya vikombe 6, uzichemshe kama dakika 40, mpaka punje ikibonyezwa kwa vidole ilainike. Tia mchele na chumvi. Maji yapite juu ya mchele kadiri ya vidole viwili. Yakizidi yapunguze, yakipungua yaongeze. Funika, upike kwa moto mdogo mpaka maji yakauke. Huliwa kwa mchuzi wa nyanya, vitunguu na pilipili, na mwenye samaki au yai huongeza. Huko Ghana hutia chunguni majani makavu ya mtama wa aina maalumu, ili wali uwe mwekundu. Asiyeijua aina hiyo asichume majani ya shambani kwake, kwa kuwa majani mabichi ya mtama yana sumu. Rangi ikikosekana, ladha haipungui sana.

Pishi la tatu: maharage ya kusetwa ya Mexico. Twaa maharage vikombe 2, kitunguu 1 kikubwa, mafuta vijiko 2 vikubwa, kitunguu saumu ukipenda, na chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, uyachemshe katika maji mapya mpaka yaive kabisa. Usimwage mchuzi wake. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu, kisha tia maharage kidogo kidogo pamoja na mchuzi, ukiyaseta kwa mwiko. Endelea kukoroga mpaka yawe mazito, hata mwiko ukipita chini uache njia. Huko kwao hula kwa tortilla. Sisi twaweza kula kwa ugali, au kwa chapati. Mtu aliyezoea ugali na mchuzi mwepesi ataona tofauti katika tumbo lake mpaka jioni. Wala haifai kujaribu ile desturi ya chokaa kwa chokaa ya kupakia nyumba, kwa kuwa hiyo si ya kuliwa. Asiye na chokaa ya chakula atumie njia ya pili, ambayo ni kula mahindi pamoja na maharage, kunde au karanga.

Yako mambo manne ya kuangaliwa. La kwanza, maharage, hasa mekundu, yana sumu yakiwa hayajaiva. Kwa hiyo yachemke kwa nguvu nusu saa kwanza, kisha yaendelee mpaka yalainike. La pili, mahindi na karanga zilizoota ukungu zisipikwe kamwe, wala zisipewe watoto au mifugo, kwa maana sumu ya ukungu haiondolewi na moto wa jikoni. La tatu, magadi hulainisha maharage upesi, lakini huharibu sehemu ya vitamini za jamii ya B. Kuloweka usiku ni bora, tena huokoa kuni. La nne, chakula hiki hakizuii haja ya mboga za majani, matunda, maziwa, mayai na samaki kila vipatikanapo. Na mtu aliyekwisha kuonyesha dalili za pellagra, au mtoto aliyevimba mwili, apelekwe hospitali bila kukawia. Chungu ni kinga. Ugonjwa ukiisha kuingia, kazi ni ya daktari.

Sasa twarudi kwenye jambo tuliloanza nalo. Ikiwa mbegu iliyosafiri bila mapishi yake iliwadhuru watu wa Ulaya na Marekani, yafaa tujiulize ni mapishi mangapi ya bibi zetu yanayopotea kwa kuwa hayakuandikwa. Vijana huenda mijini, huoana na watu wa makabila mengine, hupanda mbegu mpya zitokazo mbali. Kila mmoja huchukua chakula, na si kila mmoja huchukua njia ya kukipika.

Kwa hiyo walimu wanaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuwauliza bibi na mama zao pishi moja moja, na kuliandika. Lakini haitoshi kuandika "tia maji kiasi, pika mpaka iive," kwa maana asiyejua hatajua kiasi gani wala kuiva kwenyewe ni kupi. Pishi lililoandikwa vema lina mambo sita: jina la chakula na la mahali kitokako, vipimo vya kikombe au kijiko, mpango wa kazi, lipi kwanza, lipi baadaye, muda wa moto, dalili ya kuiva, ionekanayo kwa macho au kwa vidole, na idadi ya watu watakaoshiba. Kisha mtu asiyelijua alipike kwa kufuata maandishi tu. Akikosea, kosa ni la maandishi, nayo yatengenezwe.

Na wakuu wa vijiji, watu wakusanyikapo kwa mambo ya kilimo na mbegu mpya kugawanywa, wasiruhusu mbegu iondoke peke yake. Awepo mtu mmoja ajuaye kuipika, na chungu kimoja kiwe motoni, watu waonje na kuuliza. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na faida yake ni ya watoto ambao bado hawajazaliwa.