Potenshali Sanifu za Elektrodi na Makadirio ya Umeme wa Kuzalisha Shaba

Makala haya yanafafanua dhana ya potenshali sanifu ya elektrodi kwa mfano wa uzalishaji wa shaba na kobalti katika majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lengo ni kubainisha kile ambacho jedwali la potenshali linaweza kumweleza mpangaji wa nishati, na kile lisichoweza.

Potenshali sanifu huonesha mwelekeo wa ioni kupokea elektroni. Kwa kuwa elektrodi moja pekee haipimiki, kila elektrodi hulinganishwa na ile ya haidrojeni, ambayo kwa makubaliano imepewa thamani ya volti 0. Ukolezi huwa moli 1 kwa lita na shinikizo la gesi baa 1. Majedwali mengi hutumia nyuzijoto 25 za Selsiasi. Katika masharti hayo shaba ina volti +0.34, na kobalti −0.28. Kadiri thamani inavyopanda ndivyo ioni inavyoelekea zaidi kupokea elektroni. Ndiyo maana mmumunyo wenye metali hizo mbili unapopitishiwa umeme, shaba hutangulia kujikusanya kwenye kathodi, ilhali kobalti hubaki na kuhitaji hatua nyingine.

Jedwali hilo pia hutoa makadirio ya nishati. Kwenye anodi, maji huachia oksijeni kwa volti +1.23, tofauti yake na shaba ni volti 0.89. Kila ioni ya shaba huhitaji elektroni 2, hivyo tani 1 ya shaba huhitaji chaji ya takriban kulombi bilioni 3.04. Zao la chaji hiyo na volti 0.89 ni karibu kilowati-saa 750.

Hata hivyo, mitambo huendeshwa kwa takriban volti 2. Ziada hiyo hutokana na ugumu wa kuzalisha oksijeni kwenye anodi za risasi, pamoja na ukinzani wa mmumunyo na viunganishi. Kwa volti 2, tani ileile hudai kilowati-saa 1,690 hivi, kabla ya kuhesabu mkondo unaopotea. Potenshali sanifu hueleza mwelekeo wa mmenyuko na kiwango cha chini cha nishati. Haielezi kasi wala gharama ya kuharakisha.

Kwa hiyo, mpango wa umeme unaotegemea jedwali pekee utapungukiwa na zaidi ya nusu ya mahitaji. Kwa upande mwingine, jedwali ni kipimo cha kuchujia ahadi za teknolojia. Anodi bora zaidi zinaweza kupunguza pengo la takriban kilowati-saa 940 lililopo kati ya nadharia na utendaji. Lakini ahadi ya kushuka chini sana ya 750, ilhali anodi bado inaachia oksijeni, haina msingi wa kikemia, na haistahili kuingizwa katika bajeti ya taifa.