Njia na Mwendo katika Elimu ya Roboti

Neno roboti limetokana na Kicheki, ambamo robota ni kazi ya shokoa. Karel Čapek alilitia katika tamthilia yake ya mwaka 1920, naye alieleza kuwa aliyelibuni ni ndugu yake Josef. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Haikuwa na kichwa wala miguu. Ilikuwa mkono tu.

Tangu hapo shida ya wahandisi ni kuutoa mkono hapa na kuufikisha pale upesi, pasipo kugonga kitu. Katika kuieleza, Kiswahili chahitaji kutenga maneno mawili ambayo ni rahisi kuchanganywa. Njia ni mstari unaofuatwa na ncha ya mkono, haina saa. Mwendo ni njia hiyo pamoja na wakati wake, yaani ncha iko wapi saa gani, na kwa kasi gani. Lugha yenyewe imekwisha kuamua jambo hili: watu husema "mwendo wa saa mbili", wala hawasemi "njia ya saa mbili". Kwa hiyo kukopa trajektori hakuna faida.

Hudhaniwa kuwa mstari ulionyoka ndio wa upesi. Sivyo. Mkono wa kawaida una viungo sita, kila kimoja na mota yake. Ncha ikilazimishwa kunyoka, viungo vingine hutakiwa kuzunguka kwa kasi kubwa mno, hasa pale ambapo mihimili miwili ya kifundo imelingana. Viungo vikiachwa viende kila kimoja hadi mahali pake, ncha huchora tao, na mara nyingi huwahi. Lakini tao hilo hupita pasipopitwa na mstari. Mwongozo wa kiwandani ukiandika "njia fupi" mahali pa "mwendo wa upesi", fundi atasimama kando ya mstari anaoufikiri, na chuma kitamkuta hapo.

Mwaka 1985 Bobrow, Dubowsky na Gibson walionyesha kuwa, njia ikiisha kuchaguliwa, katika mwendo wa upesi kupita yote angalau mota moja huwa imefika kikomo cha nguvu zake, ama kwa kusukuma ama kwa kuzuia. Mwendo wa namna hiyo huchakaza meno ya gia; ndiyo sababu viwandani hupunguzwa kidogo ili kuepuka mishtuko. Basi hata kitenzi kuboresha hakitoshi peke yake katika maandishi ya fani hii, mpaka itajwe kinachoboreshwa: muda, nguvu za umeme, au maisha ya mtambo.