Nyungu ya nkambo, na vitu vya makumbusho

Ndugu zangu, nyie wenye kumaliza na nyie wenye kusoma bado, leo naleta habari ya nyungu.

Kwetu Kakontwe nkambo alikuwa na nyungu moja ya udongo, nyeusi ya moshi, mudomo mudogo. Ndani aliweka kunde za mbegu, akachanganya na majivu, akafunga. Mimi muagronomu mwenye lisansi niliona ni mambo ya zamani. Wakati wa kuhama tuliiacha inje, watoto wakaipasua, tukanunua bido ya plastiki. Nyuma njo nilikuja kuelewa: majivu inajaza nafasi kati ya mbegu, kidudu hakipati njia ya kutembea na kutaga mayai, tena inakwaruza ngozi yake mpaka kinakauka. Ile nyungu ilikuwa depo kamili.

Mu Makumbusho ya Taifa kule Lubumbashi, kilometa karibu 120 na Likasi, watu wengi tunasimama mbele ya misalaba ya shaba. Ni haki. Wakubwa wetu waliyeyusha shaba miaka mingi sana mbele Union Minière izaliwe mu 1906. Kule Sanga, karibu na ziwa Kisale, misalaba ilikutwa mu makaburi, na ile midogo inaonekana ilitumika kama makuta. Lakini musalaba wa shaba unajisemea wenyewe. Nyungu haisemi kitu. Ukiiweka mu kioo bila maneno ya mama aliyeitumia, inabakia udongo tu.

Mu mwaka 2000, watu wa Inivesite ya Lubumbashi, kati yao profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, walianza mupango Mémoires de Lubumbashi: walikusanya masimulizi ya wakaaji wa kawaida, na maonyesho ikafanyika mu makumbusho. Kwangu ile njo njia. Sisi hapa Likasi hatungoje jengo. Telefone inatosha. Piga foto ya kitu, uliza jina yake mu Kisanga ao luga ya nyumba yenu, nani alikifinyanga ao kukichonga, kilitiwa nini, kiliachwa wakati gani na sababu gani. (Uliza ile ya mwisho polepole, wazee wengine inawaumiza.)

Nyungu ingine nimeshapata. Zile kunde za madoadoa nimezitafuta mu soko mbili, bado.