Herufi Tatu Mlangoni

Mwaka 2015, mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili ulipoingia, nilichukua brashi na rangi nyeupe nikaandika juu ya mlango wa darasa langu: KKK. Kusoma, Kuandika, Kuhesabu. Hakuna mwalimu wa madarasa ya chini Tanzania asiyezijua herufi hizo. Tunaulizana, "KKK zinakwendaje huko kwako?" Mtoto akifika darasa la tatu hajui kusoma, tunasema KKK hazikumkaa. Nimezifundisha miaka mingi, na nazipenda.

Baadaye kijijini kwetu, mkoani Iringa, alikuja binti wa Kimarekani, Mweusi, kujitolea kufundisha Kiingereza. Nilimtangulia kwenda darasani huku nikimweleza habari za madawati. Nilipogeuka nikamkuta amebaki nje, hatua tano kutoka mlangoni, ameukamata mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili. Watoto walikuwa wanampungia; hakuwaona.

"Mwalimu, nani ameandika hii?"

Nikamwambia ni mimi. Nilidhani anausifu mwandiko.

Kwao KKK ni Ku Klux Klan. Wale walikuwa Wazungu waliopigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakaachwa huru, wakaunda kundi lao katika mji wa Pulaski, jimbo la Tennessee. Walijifunika nyuso, wakaendea nyumba za watu Weusi usiku, wakachapa, wakachoma, wakaua. Kundi lilikuja kufifia, kisha mwaka 1915 likafufuliwa huko Georgia, kwenye mlima wa Stone Mountain, na miaka ya 1920 likawa na wanachama kwa mamilioni. Binti aliniambia bibi yake alikuwa akizitaja herufi hizo kwa kunong'ona, hata akiwa jikoni kwake, mlango umefungwa. Nami nilikuwa nimeziandika kwa rangi nyeupe, juu ya vichwa vya watoto arobaini Weusi.

Nikamshika mkono. "Mwanangu, hapa ni kusoma tu." Tukaingia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizifuata herufi hizi kila ninapozisikia. Wajerumani walikuwa na K zao tatu, Kinder, Küche, Kirche, yaani watoto, jiko na kanisa: hapo ndipo mwanamke alipotakiwa kuishia. Hizo zilinikera, nikaziacha. Zilizonigusa ni za Ufilipino. Mwaka 1892, mjini Manila, Andres Bonifacio na wenzake waliunda chama cha siri cha kuung'oa utawala wa Wahispania. Chama kilikuwa na jina refu mno, ambalo watu walilikata wakabaki na neno moja, Katipunan, yaani muungano. Lakini jina kamili lilianza na maneno matatu ya K: Kataas-taasan, Kagalang-galangang Katipunan, Muungano wa Juu Kabisa na Wenye Kuheshimiwa Sana. Wakashona K tatu nyeupe kwenye kitambaa chekundu, na mwaka 1896 wakaingia vitani. Chama hicho kilizaliwa tarehe 7 Julai, siku na mwezi uleule kilipozaliwa chama chetu cha ukombozi, TANU, mwaka 1954. Basi K zilezile zilizomtetemesha bibi wa binti yule, kwa Mfilipino ni bendera ya ukombozi.

Ukitazama, K zao zimekaa kama zetu. Kitagalogi, lugha ya jina hilo la Wafilipino, kinatanguliza *ka-* mbele ya mzizi, sisi tunatanguliza *ku-*. Tunapofupisha tunachukua herufi ya mwanzo, na herufi ya mwanzo kwetu mara nyingi ni kiambishi, ambacho hakisemi lolote juu ya jambo lenyewe. Soma, andika, hesabu: mizizi hiyo ingetupa S, A na H, herufi tatu tofauti. Sisi tumechukua *ku-* mara tatu. Ndiyo maana vifupisho vya Kiswahili hufanana kama ndugu, na K zimejaa kila mahali, hata KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambako napiga magoti kila Jumapili. Waliounda jina BAKITA walifanya busara walipochukua silabi badala ya herufi: Baraza la Kiswahili la Taifa. Silabi humbakizia msikilizaji kipande cha neno, akapata pa kushika.

Hili nilifundishwa na mtoto. Wiki ileile ya mgeni nilimsimamisha msichana mmoja wa darasa la kwanza aliyekuwa ameanza kuunganisha silabi vizuri, nikamwambia asome pale juu ya mlango. Akatazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama tena, midomo ikicheza bila sauti.

"Mwalimu, hili halisomeki. Halina irabu."

Alikuwa amekaa chini yake tangu Januari.

Jumamosi nilirudi na brashi. K zile sikuzifuta. Nilizirefusha, kila moja nikaimalizia neno lake, mpaka rangi ikafika kwenye fremu ya dirisha. Mgeni alinishikia kopo. Jumatatu asubuhi yule msichana alisimama mlangoni na daftari lake kifuani, akawazuia wenzake wote kuingia mpaka amalize. Ku-so-ma. Ku-a-ndi-ka. Kwenye *kuhesabu* alikwama kidogo, akarudia, akapita.