Swichi za Motokaa si Mapambo

Asubuhi moja katika msimu wa mvua tuliondoka Rugu, wilayani Karagwe, kabla jua halijachomoza, tukielekea Kayanga. Motokaa tuliyoipanda ilikuwa ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu watano, nasi tulikuwa wanane bila ya kumhesabu mtoto mchanga aliyepakatwa na mama yake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba na mibuni, na baridi ya vilima ilikuwa kali. Kila abiria alifunga dirisha lililo karibu naye. Hatukwenda mbali kioo cha mbele kikawa cheupe kama maziwa.

Dereva wetu alikuwa kijana mwenye adabu, aliyeijua vyema njia yake. Mkono wa kulia ulishika usukani, na wa kushoto ulishika kitambaa. Alipangusa kioo mpaka akapata tundu la ukubwa wa sahani, akachungulia humo, na tundu likaziba tena. Kisha mkono ule ule ukaenda kwenye redio iliyokuwa ikikoroma, ukatafuta kituo, ukarudi kwenye kitambaa. Katika kona moja akatokea mama aliyejitwisha mkungu wa ndizi, akitembea kandokando ya barabara. Gari lilimkwepa kwa hatua moja tu. Tulinyamaza sote, mpaka mzee mmoja aliyeketi nyuma alipopumua na kusema, "Ajali haina kinga."

Tunamheshimu mzee yule, lakini katika jambo hili hatukubaliani naye hata kidogo. Kinga ilikuwapo, tena ilikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye vidole vya dereva. Ilikuwa ni swichi yenye picha ya kioo na mishale mitatu iliyopindapinda.

Tulipofika Kayanga tulimwuliza kijana yule swichi ile ni ya kazi gani. Alijibu kwa heshima, "Hayo ni mambo ya kiyoyozi, wazee wangu. Mwenye gari amekataza. Kinakula mafuta, na mafuta nanunua mimi, na jioni hesabu yake lazima itimie."

Katika maneno hayo machache mna mambo mawili yanayotupasa kuyafikiri. La kwanza ni ujuzi uliokosekana. La pili ni haki iliyokosekana. Makosa ya kupakia watu wanane katika gari la watu watano ni shauri jingine, nasi tunalilaani. Lakini hata gari lililopakia kwa kadiri ya sheria litazibwa na ukungu wa namna ile ile.

Tuanze na ujuzi. Hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi kuliko hewa ya baridi. Pumzi za abiria, pamoja na nguo zilizolowa mvua, huijaza motokaa unyevu. Hewa hiyo inapokigusa kioo kilichopozwa na baridi ya nje, haiwezi tena kuubeba mzigo wake. Unyevu hugeuka kuwa matone madogo sana, nayo matone hayo ndiyo ukungu tunaouona. Kitambaa huyaondoa matone, lakini hakiuondoi unyevu ulio hewani. Ndiyo maana dereva hupangusa na kupangusa tena kama mtu atekaye maji kwa pakacha.

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kiyoyozi ni chombo cha kuleta baridi tu. Sivyo. Kiyoyozi pia hukausha hewa. Ndani yake hewa hupitishwa juu ya vyuma vyenye ubaridi mkali, unyevu wake hugeuka kuwa maji, na maji hayo hutiririka hadi chini ya gari. Yale maji safi yadondokayo chini ya gari lililosimama, ambayo mara nyingi humtia mtu hofu kwamba rejeta imetoboka, ndiyo unyevu uliotolewa ndani. Hewa iliyokwisha kukaushwa hivyo yaweza kupashwa moto na hita, ikapulizwa kwenye kioo, na ukungu ukatoweka katika muda mfupi. Kwa hiyo kuwasha kiyoyozi na hita kwa wakati mmoja, jambo linaloonekana kama wazimu, ndiyo dawa iliyo bora kuliko zote.

Hivi ndivyo inavyofanywa. Elekeza hewa kwenye kioo cha mbele kwa ile swichi yenye picha ya kioo na mishale. Ongeza nguvu ya feni. Washa kiyoyozi. Zungusha kipimo cha joto kuelekea upande mwekundu. Kisha hakikisha kwamba hewa inatoka nje, wala haizunguki ndani kwa ndani. Swichi ya jambo hili ina picha ya gari dogo lenye mshale: mshale unaopinda ndani ya gari maana yake ni kuizungusha hewa ile ile, mshale unaoingia kutoka nje maana yake ni kuleta hewa mpya. Kwa kioo cha nyuma mna swichi yake yenye picha ya mstatili, nayo hupasha moto nyuzi nyembamba zilizomo kiooni. Na gari ambalo kiyoyozi chake kimekufa halikosi njia: hita iwashwe, madirisha mawili yafunguliwe kwa upana wa kidole, na kioo kisafishwe ndani kila jioni, maana kioo kichafu hukamata ukungu upesi kuliko kioo safi.

Kiangazi kinapoingia, shauri hugeuka. Vumbi jekundu hutimka nyuma ya kila lori, na hapo ndipo mshale unaopinda ndani hufaa, ili hewa ya nje isiingie mpaka lori limepita. Lakini usisahaulike hapo. Watu wanaovuta pumzi ile ile kwa muda mrefu huchoka na kusinzia, na dereva ni mmoja wao.

Hita nayo ina siri ambayo madereva wa zamani waliijua. Joto lake hutoka katika maji yanayopoza injini, yaani joto ambalo lingepotea bure. Gari linapopanda kilima kirefu na mshale wa joto ukaanza kupanda nao, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho pamoja na feni yake, kisha tafuta mahali salama pa kusimama. Abiria watatokwa na jasho, lakini injini yaweza kuokoka.

Sasa tuje kwenye haki. Ni kweli kwamba kiyoyozi hula mafuta, maana huzungushwa kwa nguvu za injini. Hatumdanganyi mtu. Lakini hita haimgharimu dereva mafuta ya ziada, na kiyoyozi cha kufuta ukungu hakihitajiwi safari nzima. Huhitajiwa mpaka kioo kitakate, kisha hurudiwa kila ukungu urudipo. Mwenye gari anayemkataza dereva kufanya hivyo, ilhali yeye amelala nyumbani akingoja hesabu yake, ameweka akiba ya mafuta kidogo juu ya roho za watu. Na dereva anayenunua mafuta kwa fedha za mfuko wake ametiwa katika mtego: achague kuona njia, au achague kula. Mfanyakazi asitiwe katika mtego wa namna hiyo.

Twajua kwamba neno kiyoyozi limepata sifa mbaya miongoni mwa wananchi. Wameyaona magari makubwa yakinguruma kutwa nzima mbele ya ofisi, injini ikiwaka na vioo vimefungwa, ili mkubwa akitoka mkutanoni akute ubaridi. Hiyo ni anasa, nasi tunaiita kwa jina lake. Lakini ni ajabu iliyoje kwamba mafuta ya kumpoza mtu mmoja yapatikane, na mafuta ya kuufuta ukungu mbele ya macho ya dereva wa Rugu yasipatikane! Chombo ni kile kile. Kinachokifanya kuwa anasa ni matumizi.

Hata hao waliovitengeneza hawakuanza na urahisi tulio nao. Mwaka 1940, kampuni ya Packard ya Marekani ilipouza magari yenye kiyoyozi kilichofungwa kiwandani, dereva aliyetaka kukizima ilimbidi aizime injini, ashuke, afungue boneti na kuuondoa mkanda wake kwa mikono. Leo kidole kimoja chatosha. Basi ni aibu kazi ya kidole kimoja itushinde.

Na redio je? Watu wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa thamani ya redio. Mnamo Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, ni kwa redio kwamba wananchi walimsikia Mwalimu Nyerere akilitangazia taifa vita. Katika miaka iliyofuata, redio imewaletea wakulima habari za mazao yao. Karagwe yenyewe imekuwa na redio yake ya jamii, FADECO, iliyojulikana kwa vipindi vya kilimo. Hatusemi redio inyamazishwe. Twasema itawaliwe.

Hapa pana tatizo ambalo kila mwenye gari lililotumika Japani analijua. Tunayanunua magari hayo kwa kuwa Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, na usukani uko kulia. Lakini redio zao nyingi zilitengenezwa kupokea mawimbi ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vimepangwa kutoka karibu 88 hadi 108. Hivyo dereva hutafuta kituo cha 100 katika redio isiyofika 100. Hata angetafuta kuanzia Rugu mpaka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, asingekipata. Fundi hufunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena, kinachoyashusha mawimbi: kikishusha kwa 20, kituo cha 100 husikika kwenye 80. Baadhi ya redio hizo pia hujifunga zenyewe betri ikiondolewa, zikadai diski au namba ya siri, kwa maandishi ya Kijapani ambayo dereva hawezi kuyasoma. Tena mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyoka, kwa hiyo katika mabonde ya Karagwe na Kyerwa kilima hukikata kituo, na kilima kinachofuata hukirudisha.

Dereva asiyeyajua haya hudhani kwamba redio imeharibika, au kwamba akizidi kubonyeza atafanikiwa. Na abonyezapo, haitazami barabara. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata takribani mita 17 kila sekunde. Sekunde mbili za kutafuta kituo ni zaidi ya mita 33 za kwenda kama kipofu. Mama mwenye mkungu wa ndizi hahitaji mita 33 ili auawe, moja yatosha. Basi kituo kichaguliwe gari likiwa limesimama, na kikipotea bondeni kiachwe kilivyo, au abiria wa mbele akitafute. Sauti nayo iwe ya kadiri, ili dereva asikie honi ya lori, mlio wa tairi, na kilio cha abiria aliyeiona hatari kabla yake.

Yatupasa sote kushika wajibu wetu. Wenye magari waondoe katazo hilo, na katika miezi ya mvua wapunguze hesabu kwa kadiri ya mafuta yanayotumika kuufuta ukungu. Wauza magari wasikabidhi ufunguo tu. Wakabidhi na maelezo kwa Kiswahili, hata kama ni karatasi moja iliyobandikwa kwenye dashibodi. Vyuo vya udereva viingize swichi hizi katika somo, maana mwanafunzi anayefunzwa kuzungusha usukani bila ya kufunzwa kuona, amefunzwa nusu. Madereva wenyewe, katika vyama vyao vya stendi, wafundishane. Anayejua asione haya kusema, na asiyejua asione haya kuuliza. Na sisi abiria tusiketi kama mizigo. Kioo kikiziba, tuseme, "Dereva, simama kwanza ufute kioo." Hakuna ukosefu wa adabu katika neno hilo.

Kijana yule wa Kayanga tulimwonyesha swichi zake pale pale stendi, injini ikiwaka. Kioo kilichokuwa cheupe kilianza kutakata kutoka chini kwenda juu, naye akakitazama bila ya kusema neno. Kisha akauliza swali moja tu: "Sasa mwenye gari nitamwambiaje?" Swali hilo halikuwa letu kulijibu. Ni la mwenye gari. Kesho asubuhi ukungu utakuwapo tena Rugu, na mama yule atakuwa njiani na mkungu wake.